Breki Hazikuwepo

Kaka Yona,

Nilikukosea. Naanza na hilo kabla hata ya shikamoo, maana najijua, nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe. Siku ile Mama alipoanguka, baiskeli yako haikuwa na breki. Ulisema kweli. Wote walikuita mwongo, na mimi niliyekuwa najua nikanyamaza miaka yote hii.

Sasa shikamoo, kaka. Mgongo unasemaje? Shemeji presha yake imetulia? Huko Miyuji najua saa hizi upepo umeanza, vumbi mpaka kwenye ugali. Mimi mwili ni mzima. Nimejaribu kukupigia simu nikwambie hili neno mara tatu. Ukipokea tu, nakuuliza mvua. Na wewe unanijibu mvua. Ndiyo maana naandika.

Kazi yangu huku ni ile ile, baiskeli. Wageni wanakuja kutembea Ufaransa mashambani, wengi wazee waliostaafu, na bosi wetu anawapangia vijia ambavyo gari unakutana nalo moja asubuhi, moja mchana, basi. Mimi nawatengenezea baiskeli na naendesha wa mwisho kabisa, ili mtu akichoka au akipata pancha nimkute. Ungekuja ungecheka, kaka. Mtu ana baiskeli nzuri kuliko nyumba yetu ya zamani, halafu keria yake inabeba chupa ya maji na koti tu. Vijiji vimenyamaza, madirisha yamefungwa, unasikia mnyororo wako mwenyewe. Na zabibu kila upande, kama shamba ulilokuwa unafanya kibarua, ila hapa zinapanda vilima.

Huo ukimya ndio umenishinda. Dodoma kuna pikipiki, kuna redio, kuna watu, mtu unaweza kujificha. Hapa hakuna pa kujificha. Mwaka jana, mchana kweupe, tulikuwa tunafuata njia iliyo kando ya mfereji. Mimi ni wa mwisho, nyuma yangu hakuna mtu. Nikasikia nyuma: shrrr. Kimya. Shrrr, tena. Katambuga inasugua gurudumu. Wewe unaijua sauti hiyo, mtu asiye na breki anabana tairi kwa kiatu. Nikageuka. Njia nyeupe, miti, maji. Huku hakuna mtu anayevaa katambuga.

Tangu hapo inanifuata, hasa kwenye miteremko. Na siku ile mimi sikuwepo kuisikia. Mama ndiye alinisimulia: "Nilisikia kiatu cha Yona kinasugua, kinasugua, mpaka kikamtoka mguuni." Aliniambia mara moja tu, sasa naisikia kila wiki.

Wiki iliyopita tulifika juu ya kilima, njia inashuka katikati ya zabibu mpaka mtoni. Nikawasimamisha wote. Nikaanza kukagua breki, moja moja. Kuna bibi mmoja, Odeta, mcheshi sana, akasema, "Daudi, umezikagua asubuhi. Umezikagua tulipokunywa kahawa. Breki zetu zimekukosea nini?" Wenzake wakacheka. Wananiita Bwana Breki. Mimi nikacheka nao, lakini spana ikaniponyoka ikaanguka.

Odeta huwa anakuja na kaka yake, mzee mrefu asiyeongea. Tulipofika chini salama wengine wakaenda kupiga picha mto, yule mzee akaja akakaa na mimi ukutani.

"Nani alianguka?" akaniuliza.

Nikasema, "Mama yangu. Kaka yangu ndiye alikuwa anaendesha."

"Kaka yako yu hai?"

"Yupo."

Akanitazama. "Basi mimi unaniambia ya nini?"

Akainuka, akachukua baiskeli yake, akaenda. Kaka, hata kama angenipiga kofi lisingeniuma hivyo.

Sikiliza ilivyokuwa. Ilikuwa Jumamosi ya mnada. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sikuwa mtoto. Mimi na wenzangu tulikubaliana tutashuka mnadani kwa kushindana, na raba zangu za breki zilikuwa zimeisha. Zako za nyuma zilikuwa mpya. Za mbele zilikufa siku nyingi, unakumbuka, ulikuwa unategemea za nyuma tu. Wewe ulikuwa shambani tangu alfajiri, baiskeli umeiacha nyumbani, nikajua huendi popote nayo. Nikazifungua, nikazifunga kwangu. Nilisema mchana nitazirudisha. Sikukuaga, sikumwambia mtu. Nilitaka tu nionekane nashuka mteremko kama risasi, basi, hakuna sababu nyingine.

Ukarudi mapema, ukamkuta Mama anatetemeka kwa homa. Ukampakia kwenye keria umpeleke zahanati. Nani anakagua breki wakati mama yake anaungua mgongoni mwake? Njia ya nyumbani ni tambarare, hukuwa na haja ya kushika, mpaka mlipofika pale inaposhuka korongoni.

Mimi nilikuwa narudi kutoka mnadani, nikakuta watu. Mama wamembeba kwenye kanga, wewe unamfuata na mguu mmoja peku. Baiskeli ilikuwa imetupwa kwenye miiba, hakuna anayeiangalia. Hapo ndipo kosa langu la pili, na hili ndilo kubwa. La kwanza lilikuwa ujinga. Nilikuwa na spana mfukoni. Nikachuchumaa nyuma ya kichaka, nikafungua raba kwangu, nikazirudisha kwako. Mama yetu analia kwa maumivu hatua hamsini kutoka pale, mimi nakaza nati.

Jioni Mjomba Petro akaja na watu kuikagua. Wewe ukasema, "Haikuwa na breki." Mjomba akabana mkono wa breki, gurudumu likakamata. Akasema mbele ya wote, "Hii inashika, Yona. Ambaye hashiki ni wewe." Ulikuwa umepewa kikombe kimoja cha mvinyo shambani, harufu ikawatosha.

Halafu ukaona. Ukasema, "Angalieni, raba moja imegeuzwa. Mimi sifungi hivi." Kile kichuma kinachoshika raba, upande uliozibwa unakaa mbele, ulio wazi unakaa nyuma, la sivyo raba inachomoka. Wewe ndiye uliyenifundisha. Mikono yangu ilitetemeka pale kichakani, moja nikaifunga kinyume. Wakakujibu kwamba mlevi anafunga anavyojua. Ukanitazama mimi, kama unaniuliza: wewe si unajua mimi nafungaje? Nikatazama chini.

Mwaka mmoja baadaye uliniambia, "Daudi, labda kweli nilikuwa nimelewa. Labda nilizifunga mwenyewe nikasahau." Nikakuacha uamini hivyo. Nimekuibia mpaka kumbukumbu yako.

Dada Rehema akamchukua Mama kwake Nkuhungu, akakukataza kumpakia hata mtoto wake. Pale dukani Chang'ombe, ukipita tu, wanapiga kelele, "Yona, breki!" na wewe unapunga mkono kama ni utani. Mama alitembelea fimbo mpaka mwisho. Siku zake za mwisho nilikuwa nimekaa naye, akasema, "Yona hakuwa amelewa. Nilimshika kiunoni, ningejua." Nikamwambia, "Mama, pumzika." Ndilo neno nililompa. Na alipokufa mimi nikapewa kushika mbele ya jeneza, wewe ukaambiwa ubebe benchi za wageni. Ulizibeba. Ukazipanga vizuri, mstari.

Sisemi shetani alinipitia. Ni mimi.

Barua hii ni yako. Ukitaka mpe Dada aisome, ukitaka ibandike mlango wa lile duka. Nisalimie shemeji, mwambie alikuwa sahihi kukuamini. Nisalimie Mjomba Petro, bado usimwambie kitu, nataka anisikie mimi. Nisalimie mama mchungaji aliyekuwa anakuletea uji wakati nyumbani kwetu hakuna aliyekuja kwako, na majirani wa pale korongoni waliombeba Mama.

Bosi amenipa ruhusa na tiketi ninayo. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, ibada ikiisha, nitakuwa uwanjani kwa Dada Rehema Nkuhungu. Nitamwomba aite wote waliokuwepo jioni ile, Mjomba akiwa wa kwanza. Nitakuja na baiskeli nyeusi kama ile yako na spana. Nitafungua raba mbele yao, nitazifunga kama nilivyozifunga kichakani, moja kinyume, na nitasema ni mkono huu. Halafu siku hiyo hiyo tutaenda Chang'ombe, nitasema tena pale dukani. Wewe utakuwa umekaa kwenye kiti, mimi nimesimama. Siombi unisamehe siku hiyo. Na kama hutaki hata kuniona, baki nyumbani. Kiti nitakiweka hivyo hivyo, na nitasema nikikitazama.

Mdogo wako,
Daudi