Usiifungue Kamba ya Aliye Juu

Sikonge, Tabora
14 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Theodora,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipata, ingawa umeiandika mbiombio kama mtu anayefukuzwa. U mzima? Unakula, au ni kahawa tu huko Ujerumani? Sisi hatujambo. Mguu wangu unauma ukitaka.

Barua uliyoituma kwenye simu ya kaka yako Ngassa, yeye kanisomea mara mbili. Kujibu najibu mwenyewe. Darasa langu la tatu linatosha kukugombeza. Ngassa ataipiga picha hii uipate leo, maana umesema Jumatatu unafuta.

Nimeelewa, usidhani sijaelewa. Ndani ya kompyuta mna programu kuu inayozitawala nyingine zote. Humo mmeweka makufuli, ili kazi mbili zisishike kitu kimoja kwa pamoja. Mtu kabadilisha kufuli sehemu moja, kwingine kasahau, sasa mashine imegoma kuijenga programu. Kosa umeliona na kulitengeneza unajua, ila ni kazi ya siku tatu. Mkubwa wako hataki siku tatu. Anataka ulifute kufuli, mashine inyamaze, kisha uweke jina lako chini. Nawe unaniandikia, "Bibi, nimechoka, nitafuta tu."

Utafuta nini? Mashine imekataa kwa haki, wewe unaiziba mdomo!

Huo mguu wangu unaoucheka, sikukwambia yote. Huku kwetu anayepanda kurina asali hufunga kamba ya gome kwenye shina. Ukiikuta, huwashi moshi, unangoja ashuke. Mwaka ule nilikuwa juu ya mninga, kwenye mzinga wangu. Shemeji yangu Ngollo akaja kwenye mzinga wake wa chini, mti uleule. Alitaka kuegemeza baiskeli, kamba yangu ikamsumbua, akaifungua. Akawasha moshi. Nyuki wote wakanipandia. Nilianguka, nikalala hospitali ya Kitete miezi miwili.

Alikuja kunitazama, eti, "Shemeji, nilidhani umeisahau tu pale."

Nikamjibu, "Na mimi kule juu, ulidhani nani kanisahau?"

Huyo mkubwa wako ni Ngollo mwingine. Mwambie hapana. Mwambie kwa Kijerumani, akikuudhi mwongezee Kinyamwezi. Litengeneze kufuli sawasawa, hata kwa siku tano. Jina la babu yako haliwekwi chini ya kazi ya kufichaficha. Wakikufukuza, rudi. Nina mizinga kumi na minne na wa kuipanda sina. Hutakufa njaa, labda utavimba uso.

Mama yako Benedikta anakusalimu, na shangazi yako Siwema, anayesema umekonda kwenye picha. Mungu akulinde, akupe na ukaidi wangu.

Barua yenyewe inakuja kwa posta, na ndani yake nimetia kipande cha kamba ya gome. Kifunge mezani kwako. Mkubwa wako akiuliza ni cha nini, mwambie, "Usikiguse, bibi yangu bado yuko juu."

Akupendaye na kukugombeza,
Bibi yako Mhoja