Siku Tulipoupita Uwanja wa Kondoa

Mzee Yohana,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini siwezi kuzungumza nawe bila kukuamkia kwanza. Ndivyo tulivyoanza kila safari, wewe kapteni, mimi rubani wako msaidizi: shikamoo, marahaba, karanga za kukaanga kutoka mfuko wa shati lako, ndipo tuwashe injini.

Uwanja wetu wa Dodoma umechangamka. Kampuni za watu binafsi zimeongezeka, kila mwenye ndege anatafuta abiria. Ulizoea kusema, "Siku hizi ruksa, Idi, hata kunguru atasajiliwa." Sasa kapteni ni mimi. Nakaa kiti chako cha kushoto, na sikipendi.

Mzee, kuna jambo. Siku ile tukitoka Arusha, tulipofika juu ya Kondoa, niliona presha ya oili ya injini ya kulia inashuka. Uwanja wa Kondoa ulikuwa pale chini, mkavu, hauna hata mbuzi. Nilijua tunapaswa kutua. Nikasema, "Samahani Mzee, unaonaje kuhusu Kondoa?" Ukajibu, "Tutafika nyumbani." Nikasema sawa. Oili sikuitaja, nilidhani umeiona. Mshale ukazidi kushuka, nami nikakohoa. Mtu mzima mwenye leseni, nakohoa! Lakini ningemwambiaje mtu wa rika la baba yangu kwamba anakosea, tena abiria wanasikia?

Injini ilipokufa, na ile ya kushoto ikashindwa kutubeba peke yake, ndipo tukaongea vizuri. "Funga mafuta." "Yamefungwa." "Waambie wainame." "Wameinama." Uliishusha ndege kwenye shamba la uwele na abiria wote wakatoka hai. Mti tuliougonga ulikuwa upande wako.

Wachunguzi waliponiuliza nilijibu, "Nilimwambia Kapteni kuhusu oili, akakataa kutua." Wakaandika. Tangu hapo watu wa uwanjani wanakuita mbishi, na maneno hayo yamemfikia mkeo, Mama Neema, nyumbani Chang'ombe. Kwenye arobaini yako alinishika mikono akanishukuru kwa kujaribu. Nikazipokea shukrani hizo. Naona aibu, Mzee. Hainiachi hata nikiwa kwenye mswala.

Wiki iliyopita niliruka na Rehema, rubani msaidizi mpya. Mbele kulikuwa na wingu zito na mimi nalifuata tu. Akasema kwa upole, "Samahani Kapteni, unaonaje tukizunguka?" Neno "tutafika" lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikamtazama, nikaona kidole chake kiko juu ya ramani, tayari kinaonyesha njia ya kuzunguka. Nikageuza ndege. Tulipotua nikamwambia, "Shikamoo yako nipe huku chini. Kule juu niambie: Kapteni, geuza." Akacheka, akadhani namtania.

Jumamosi nitakwenda kwa Mama Neema. Jumatatu nitarudi kwa wachunguzi, na leseni wakitaka waichukue. Nitawaambia kwamba nilikuuliza swali la adabu, nawe ukanijibu nilichouliza. Nakuahidi sitakohoa.

Pumzika, Mzee wangu. Karanga bado nanunua, namgawia Rehema. Na lile neno nalisema leo, nimechelewa, lakini bila samahani: Kapteni, oili inaisha. Tua Kondoa.

Wako,
Idi