Mzizi Wanaosema Umebaki

Johannesburg

Mama Odia, bibi yangu,

Jambo sana. Umeamkaje huko Kikula? Odia anasoma, hata kama walimu hawalipwi? Kiwanda bado kimelala? Mguu wa mama yako umepona? Minye niko muzima. Neno hilo lisome mara mbili: muzima.

Dereva wa lori alinifikishia barua yako Jumanne. Kwa hiyo yaya yangu Kalonji, kwa kuwa ndiye kaka mkubwa, ameita kikao cha ukoo, akasema, "Mizizi imebaki, huyu muntu anakufa, arudishwe afie kwao." Na weye urudi kwa wazazi wako Kakanda, yeye ahamie nyumba yetu. Kosa la kwanza ni langu. Nilimwandikia yeye siku nilipoogopa, nikakuficha weye kwa haya. Sasa haya imekwisha, nakueleza yote.

Nilikuwa naona damu chooni. Nilinyamaza miezi, nikidhani ni bawasiri ya kuinama kutwa nikichomelea vyuma. Mwishowe msimamizi akanipeleka hospitali. Munganga akaingiza mpira wenye taa sehemu ya nyuma, akakuta kivimbe kidogo kama punje ya haragwe. Akakikata hapo hapo kwa waya wa moto. Nikarudi kazini nikijua yamekwisha.

Baada ya wiki mbili wakaniita. Kumbe kile kivimbe ni aina ya kansa, ile inayokwenda polepole, na walipokitazama kwa hadubini, kingo za nyama waliyokata hazikuwa safi, yaani huenda mizizi yake imebaki ndani. Munganga yule akataka nipasuliwe, utumbo wa nyuma uondolewe, labda nitembee na mfuko tumboni maisha yote. Hiyo ndiyo siku niliyomwandikia yaya.

Lakini sikutia sahihi. Nilirudi nikaomba kumwona mkubwa wao, mama mmoja mwenye nywele nyeupe. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikamwuliza, "Kingo si safi, au zimeungua? Mimi nikikata bati kwa moto ukingo unaharibika, huwezi kuusoma."

Akavua miwani, akanitazama vizuri. "Hata sisi pale palipoungua hatuwezi kusoma," akasema. "Kilikuwa kidogo, hakikuzama ndani. Kwa wengi wa namna hii hakioti tena. Lakini siwezi kukuapia. Ukikataa kisu, utakuja kupimwa kila nikikuita, miaka mingi."

"Nitakuja," nikamwambia.

Nimekwenda mara tatu. Kila mara wanachungulia penye kovu, wananyofoa vipande, wanapima. Hawajaona kitu. Mara ya kwanza nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia mbele za watu. Mara ya tatu nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kutafuta bukari iliyosongwa vizuri na samaki. Munganga hasemi nimepona. Anasema hajaona kitu, nirudi mwaka kesho. Hiyo inanitosha kuamka na kwenda kazini, na kazini ninakwenda.

Sasa sikiliza. Usitoke katika nyumba. Matofali yale tuliyafyatua weye na minye, na mimba ya Odia ikiwa tumboni mwako. Yaya akija na kitanda chake, simama mlangoni umwambie, "Bwana yangu haiko maiti." Wachungaji wakitaka kuniombea, asante sana, waniombee nikiwa kazini. Sirudi kufa. Nitarudi likizo, kwa miguu yangu.

Na barua hii uisomee ukoo wote kwa sauti, hata pale pa sehemu ya nyuma. Usiruke. Wakicheka, ngoja wamalize, kisha uendelee kusoma.

Umbusu Odia, umwambie baba yake anauliza kama bado anaogopa hesabu. Umsalimie mama yako, na jirani yetu muuza makala ya jiko, ambaye unasema alikataa kutia neno katika kikao kile. Na yaya Kalonji pia umsalimie. Ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Lakini alale kwake.

Ni minye bwana yako, kwa mkono wangu mwenyewe,

Baba Odia