Kadi Isiyokuwepo Ilikataa Mara Thelathini na Nane

Shangazi Margit,

Hili sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki, na hata sasa naandika huku nimeuzungushia ukurasa mkono kama mtoto anayezuia mwenzake asimwangalizie mtihani. Naomba unisaidie, maana kuna mtu mzima anayeamini kwamba akili yake inaanza kumtoka, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba haimtoki, na nimenyamaza wiki ya tatu sasa.

Nina miaka kumi na sita, naitwa Kincső, lakini ukiichapa barua hii gazetini naomba unibadilishe jina, mimi na wote niliowataja. Nyumbani na shule ya msingi nilisoma Kihungari, sekondari nasoma Kiromania, na katika zote mbili mimi ni mtu wa kunyamaza. Mahali pekee ninapojisikia nina kauli ni kila Alhamisi jioni kwenye chumba cha juu ya maktaba hapa Gyergyó, ambako Mjomba Zsombor anatufundisha kompyuta bila kulipwa na mtu. Si mjomba wangu wa damu, wote tunamwita hivyo. Ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mlezi wa kipande kidogo cha kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta ambayo programu nyingine zote lazima ziiombe ruhusa zikitaka kitu. Watu wa nchi nyingi hukitengeneza kiini hicho kwa kuandikiana barua pepe, na kila kipande kina mtu wake anayekitunza, na cha Mjomba ni kile cha kadi za mtandao za bandia, kadi ambazo huwezi kuzishika kwa mkono kwa sababu zimetengenezwa kwa programu tu.

Sasa kazi yetu pale ni kuwa wakorofi. Tunakiomba kiini kitengeneze kadi ya bandia kwa mipangilio mibovu, kadi yenye foleni sifuri za kupitishia data, kadi yenye foleni hasi tatu, kadi yenye jina refu kama treni ya mizigo, halafu tunatazama. Kiini kizuri kinatakiwa kiseme hapana na kiendelee na shughuli zake. Kiini kibaya kinakubali halafu kinaganda na kompyuta nzima inaganda nacho. Mjomba husema, "Mteja mpole hatufundishi kitu, nileteeni mkorofi," na Hunor, mwenzetu anayeongea kwa niaba yetu sote, humjibu, "Mkorofi ni Kincső, Mjomba, ila yeye hukorofisha kimoyomoyo."

Mwezi wa kwanza Mjomba alifanya marekebisho kwenye kipande chake akanitumia mimi niyajaribu, mimi, si Hunor, na nilifurahi hadi nikashindwa kula. Jaribio lilikuwa na maombi mabovu thelathini na nane, na kila ombi likikataliwa mstari unakuwa kijani. Nikaendesha nyumbani, yote thelathini na nane kijani. Nikamtumia ule muhtasari tu wa mwisho. Akaniandikia, "Kumbukumbu nzima iko wapi, binti?" nikamjibu kwamba ile orodha ya majibu yote ya kiini ni ndefu mno, akasema, "Haya, nakuamini."

Na kwetu kuna desturi, Shangazi, kwamba chini ya kila marekebisho panaandikwa mstari unaosema yamejaribiwa na fulani, kwa jina lake kamili, ili kukiharibika ijulikane nani alisema aliona kwa macho yake. Nikamsihi asiandike jina langu, kwa sababu wale watu wa barua pepe wako mamia na wanauliza maswali, na mtu nisiyemjua akiniuliza swali mimi hutetemeka hata kama ni kwa maandishi. Akasema, "Hairuhusiwi hivyo." Nikakaa kimya, unajua nilivyo, nikakaa kimya mpaka akaona aibu yeye. Akaandika lake.

Siku tatu baadaye nikaifungua ile kumbukumbu nzima, si kwa kushuku kitu, nilitaka tu kuiangalia tena maana nilikuwa najivunia. Nikaona majibu ya kiini. Hakikusema mipangilio si sahihi. Kilisema hakuna kifaa kama hicho. Mara thelathini na nane, hakuna kifaa kama hicho. Nilikuwa nimesahau kuiwasha ile sehemu inayotengeneza kadi za bandia, kwa hiyo kadi haikuwepo kabisa, na jaribio letu liliangalia tu kama ombi limekataliwa, halikuuliza limekataliwa kwa nini. Nikaiwasha, nikaendesha upya. Ombi la tisa, foleni sifuri, kompyuta ikaganda.

Nikafunga kifuniko cha kompyuta. Niliapa nitasema Alhamisi. Alhamisi nikafika nikakuta Mjomba ameleta keki aliyooka mke wake, kwa sababu marekebisho yamepokelewa na kuingizwa kwenye kiini asubuhi ile, na Hunor ameinua kikombe cha chai anasema, "Fundi wetu mkuu aseme neno," na wote wamenigeukia, na mimi nikasema asante. Ndiyo hotuba yangu yote.

Mwezi wa pili mtu mmoja wa Ureno akaandika kwamba kompyuta zake zinaganda, na mwingine akauliza mbele ya wote, "Marekebisho haya yalijaribiwa na nani hasa?" Mjomba akajibu kwa mstari mmoja, "Na mimi. Kosa ni langu." Akaendesha jaribio kwenye kompyuta yake na likaganda palepale kwenye ombi la tisa. Jioni hiyo akanisimamisha kwenye ngazi za maktaba.

"Kincső, kwako mistari yote ilikuwa kijani?"

"Yote."

"Thelathini na nane?"

Nikasema ndiyo. Na si uongo, ilikuwa kijani, lakini ni uongo.

Akakaa kwenye ngazi, na koti lake jeupe kwa theluji, akasema, "Basi nilikutumia faili lisilo lenyewe. Nilichanganya, na sikumbuki kabisa." Halafu akasema, si kwangu hasa, "Baba yangu alianza na mbwa. Alikuwa akimwita huyu kwa jina la yule, na sisi tulicheka."

Baba yake alikufa kwa ugonjwa wa kusahau, Shangazi, alikufa hamjui hata Mjomba Zsombor. Tangu siku ile Mjomba anaandika kila kitu kwenye vikaratasi na kuvibandika ukutani. Alhamisi iliyopita alimwonyesha Hunor mistari aliyoiandika miaka sita iliyopita akamwuliza, "Hii ni yangu kweli?" na Hunor kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Mke wake alimwambia mama dukani kwamba siku hizi haongei mezani, na kwamba ameomba nafasi kwa daktari mjini Marosvásárhely. Na kwetu ametangaza kwamba tarehe ishirini na nane atawaandikia wale watu kuwa anaacha ulezi, na kile chumba atarudisha ufunguo, kwa sababu, alisema, "Kazi hii inataka mtu anayeweza kujiamini."

Nimekwisha kulitengeneza jaribio upya. Sasa linauliza pia sababu ya kukataliwa, na kwanza linahakikisha kadi ipo. Nimefikiria kulituma kwa jina la kubuni, kama mtu wa mbali aliyegundua kosa, aone hitilafu ilikuwa kwenye jaribio, apone bila kujua ni mimi. Nimefikiria pia kumwandikia barua isiyo na jina. Kumwambia uso kwa uso siwezi, nimejaribu mara nne, nafika kwenye lango lao mbwa anabweka nageuka. Kwa Kihungari maneno yananikwama, nikajaribu kuyafanyia mazoezi kwa Kiromania mbele ya kioo, yakakwama pia. Akinichukia sitakuwa na Alhamisi, na bila Alhamisi sijui mimi ni nani. Niambie kipi kati ya hivyo viwili ni bora.

Mama anapanda ngazi, namjua kwa kandambili zake. Siku zote akija naisukuma karatasi hii chini ya atlasi. Yuko mlangoni sasa na leo sijaisukuma, iko hapo katikati ya meza, wazi, na mkono wangu nimeu

*

Kincső, nakuita hivyo kwa muda, gazetini utakuwa mtu mwingine na mji mwingine.

Nianze na mama yako. Chini ya sentensi uliyoikata kuna mwandiko wa pili, wa kalamu ya risasi: "Nimeisoma. Hajaniambia kitu na mimi sitamuuliza. Nitamsindikiza popote. Mama." Barua ilikuja na maandishi hayo, kwa hiyo ama hukuyaona ama unajifanya hukuyaona. Kwa vyovyote, huko nyumbani kwenu sasa wawili mnaijua siri moja na mnapishana jikoni kimya. Acheni hiyo kazi.

Sasa wewe. Umeniuliza kipi ni bora kati ya jina la kubuni na barua isiyo na jina. Hakuna. Umenipa sahani mbili, zote tupu.

Kompyuta mimi naijua kwa kuandikia tu, kwa hiyo nilimsomea barua yako Terézia, anayetutunzia mitambo hapa ofisini, na majina nikayaruka. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alisema, "Huyo amegonga ukuta usio na mlango, hakufunguliwa, akaandika kwamba kufuli ni imara. Mimi nimewahi. Kila mtu wa kazi hii amewahi." Kwa hiyo kosa la kwanza nakusamehe kwa niaba ya watu wote wanaolijua. Ulisahau kuwasha kitu. Hata la pili, la kufunga kifuniko na kula keki, nalielewa. Una miaka kumi na sita na kikombe kimeinuliwa.

La ngazi sikusamehei, na si mimi wa kukusamehe. Mtu alikuuliza swali moja, ukamjibu ndiyo, ukamtazama akiketi kwenye baridi na kumzika baba yake upya. Pale hukuwa mwenye haya. Haya ni kushindwa kusema. Wewe ulisema, na ulichagua neno lililokuwa kweli kwa herufi ili usilale na uongo. Mwanangu, hujalala tangu siku hiyo, basi neno lile halikukufaa.

Na Mjomba wako naye ana fungu lake, tusimfanye malaika. Alitia jina lake chini ya kitu ambacho hakukiona, kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyowaponza wote wawili. Ungelikubali jina lako liandikwe, yule wa kuuliza angekuuliza wewe, ungetetemeka siku mbili, na mambo yangeisha. Atalijua hilo mwenyewe ukimweleza; usimwambie wewe.

Jina la kubuni lingemtengenezea nini? Angejua kwamba jaribio lilikuwa bovu. Asingejua kwamba alikutumia faili sahihi. Hilo ndilo linalomla, si foleni zenu. Yupo mtu mmoja tu duniani anayeweza kumwambia, "Ulinitumia faili lenyewe, na ninalo, hili hapa, na tarehe yake," na huyo mtu anageuzwa langoni na mbwa.

Basi fanya hivi. Chapisha ile kumbukumbu nzima aliyokuomba mwezi wa kwanza, yenye yale majibu thelathini na nane. Chapisha na ujumbe aliokutumia ukiwa na faili. Siku ya kwanza mama yako asipokwenda kazini, nendeni wawili. Mbwa atabweka, ndiyo kazi yake. Mama abaki na mke wa Zsombor. Wewe huna haja ya hotuba katika lugha yoyote: weka karatasi mezani mbele yake, weka kidole kwenye mstari unaosema hakuna kifaa kama hicho, na useme, "Kichwa chako ni kizima. Mimi ndiye." Ukishindwa hata hayo, kidole kinatosha, yeye anajua kusoma mistari hiyo kuliko wewe. Usianze kulia kabla hajamaliza kusoma, maana ukilia atakubembeleza, na zamu ya kubembelezwa si yako.

Kisha kaa hapo. Usikimbie akinyamaza, wala akikasirika. Akikuuliza kwa nini, jibu ulilonalo ni kwamba uliogopa. Ni jibu dogo na halitamridhisha, lakini usilipambe.

Siku hiyohiyo ukirudi, tuma lile jaribio jipya kwa wale watu mamia, na chini yake andika jina lako kamili, na mistari mitatu inayoeleza la kwanza lilikuwaje. Watakuuliza maswali. Jibu moja moja. Hapo utatetemeka, nami sina dawa ya hilo.

Sitakudanganya kwamba Alhamisi itarudi. Huenda akaacha ulezi hata hivyo. Mtu akishajitilia shaka wiki tatu, shaka haiondoki na karatasi mbili. Huenda akaenda kwa daktari vilevile, na aende, kwa umri wake na historia ya kwao si vibaya. Huenda asikupe kazi nyingine ya kujaribu. Utakuwa umepoteza chumba. Yeye atakuwa amerudishiwa kichwa chake, na hilo ni deni la wiki tatu ambalo hutakiwi kulipigia hesabu na chumba.

Jibu hili nakutumia kwa posta leo Jumatatu, uwe nalo keshokutwa. Gazetini litatoka Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe ishirini na tano. Nimebadilisha majina, mji na hata keki, lakini hakuna mtu mwingine katika wilaya hii aliyekaa kwenye ngazi akamtaja mbwa wa baba yake, na sentensi hiyo sikuibadilisha, kwa makusudi. Akifika kwenye ukurasa huu atajitambua. Hakikisha siku hiyo anausoma kama mtu aliyekwisha kuambiwa.

Shangazi Margit