Gari Jekundu na Ng'ombe wa Mahari Yangu

Tata, baba yangu,

Ugonile, umelala salama huko uliko? Mimi sijalala vizuri tangu tulipokuzika, na leo nakuandikia kwa hasira, unisamehe. Ng'ombe hawapo.

Wale wa mahari yangu, Tata. Wale ambao Lusajo alituletea aliponioa, ukawalisha migomba kwa mkono wako mwenyewe, ukakataa kuuza hata ndama, hata mwaka ule paa lilipovuja. Watu wa Masukulu walikuita bahili. Mimi nilijua sababu, maana uliniambia nyuma ya zizi: "Tumpe, hawa si mali yangu. Hawa ni njia yako ya kurudi. Mume akikushinda, tunamrudishia ng'ombe wake, unarudi nyumbani bila deni na mtu." Siku ile jino langu la mbele lilikuwa limeshang'oka, na hukuniuliza limetokaje.

Mwanao Ambakisye amewauza. Kwa ajili ya gari.

Tangu mambo ya ruksa yaingie, kila mtu auze atakacho, Tukuyu haipiti wiki bila mnada. Redio, makochi, viatu vilivyokwisha kuvaliwa na Wazungu, watu wanagombania. Basi akaja mfanyabiashara mmoja na gari jekundu la viti viwili, limelala chini kama chura. Akatangaza kwa kipaza sauti kwamba ni gari la mashindano kutoka Ulaya, yamebaki machache duniani, matajiri wa huko wanatoana roho kwa ajili yake. Ambakisye alikuwa pale mbele. Na aliyeshindana naye bei ni nani? Lusajo, mume wangu, na kiburi chake cha duka la mtaa wa Bagamoyo, hapahapa mjini. Huyu akipandisha, yule anapandisha. Watu wanapiga makofi, na mashemeji wale wawili hakuna anayekubali kuaibika mbele ya watu.

Nilikuwa nimesimama na kikapu changu cha ndizi. Nilimsikia kaka yangu akitaja bei ambayo mtu mwenye akili angenunulia lori, na mafuta yakabaki. Nilidhani anatania. Kumbe alikuwa anamshinda mume wangu kwa ng'ombe ambao mume wangu ndiye aliyewatoa. Jioni mwenye bucha akaja na kamba. Akawaswaga wote, akamwacha yule mwenye pembe moja kwa sababu amekonda.

Mvua ya kwetu unaijua. Gari likashindwa kupanda kilima, likaegeshwa kando ya zizi. Yule wa pembe moja akaenda kujikuna mlangoni pake, mlango ukapasuka kama chungu. Faiba, Tata, aina ya plastiki. Ngozi tu ya gari. Ndani yake kulikuwa na pikapu kuukuu, kutu tupu. Mji mzima ulicheka mpaka kanisani.

Lusajo hakucheka. Alikuwa bado na uchungu wa kushindwa mnadani, na uchungu huo akaumalizia kwenye mbavu zangu. Nikambeba Neema, nikarudi kwa mama. Njia ipo, njia haipo, nilirudi.

Wazee wa ukoo wa Lusajo wakaja pamoja naye kudai ng'ombe wao. Mama akalia. Ambakisye, mtu asiye na haya, akawaonyesha gari. Alikuwa ameuziba ule mlango na kulipaka rangi upya. Nilijifunika uso kwa kanga nikingoja watutukane. Lusajo akalizunguka, akalipapasa taratibu, mikono ileile. Akasema, "Litatosha." Mjomba wake akamnong'oneza kwamba ni la bandia, kila mtu anajua. Akajibu, "Nani atalivua bodi barabarani aangalie?"

Wakalisukuma kilimani kwa pamoja, Ambakisye naye akisukuma, wanacheka kama watu waliotoka harusini. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Basi nimeachika, kama ulivyotaka, na sidaiwi. Lakini nasikia kinyaa, Tata. Kaka yangu aliniuza apate gari la uongo, na mume wangu aliniacha apate lilelile. Wote wawili wanajiona wamepata. Ningefurahi zaidi kama wangekataa, nikabaki na deni, walau ningejua kuna mtu aliyeona kwamba mimi na lile debe hatulingani.

Mama anakusalimu. Mgongo unamsumbua, ila kibarua cha kuchuma chai nimekipata, hatutalala njaa. Yule wa pembe moja amenenepa, ana mimba. Namkatia migomba mwenyewe, na Ambakisye nimemwambia akilikanyaga zizi hili nitamwita mwizi mbele ya mchungaji.

Lala, baba. Neema ataolewa siku moja, na ng'ombe wake watafungwa palepale ulipowafunga wangu. Hawatauzwa. Nitatandika mkeka wangu mlangoni mwa zizi, na atakayewataka atanikanyaga mimi kwanza.

Mwanao,
Tumpe