Mtu Aliyepita Upande Wetu wa Kushoto

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa dada yangu na kwa wajukuu waliojaa nyumbani kwenu. Mgongo unaendeleaje? Dada aliniarifu kwamba daktari amekukataza kuinua vitu vizito, nawe ukamjibu kuwa karakana ya kuchomelea vyuma haina vitu vyepesi. Mtii daktari. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kulia, ambalo hunitangazia mvua kabla ya redio.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningetafuta mzaha wa kujifichia, nawe ungenisaidia kuupata.

Juma lililopita katibu wa klabu yetu ya zamani alinijia nyumbani. Alinieleza kwamba ukumbi wa klabu unapakwa rangi, na ukutani zitawekwa picha za wachezaji wa zamani pamoja na historia fupi ya timu. Alinionyesha picha yangu nikipiga krosi, mguu hewani, ulimi nje. Nilikumbuka jinsi ulivyokuwa ukinionya nifunge mdomo nisije nikawamaliza nzi wa uwanja mzima.

Basi nilimsimulia mchana kutwa. Nilimsimulia chumba cha kubadilishia nguo chenye bomba moja, harufu ya dawa ya kuchulia misuli, na mtunza vifaa ambaye tulisema anazipenda soksi kuliko mkewe. Nilimweleza kwamba mimi niliitwa Chaki kwa kuwa niling’ang’ania mstari wa pembeni hadi njumu zangu zikarudi nyeupe, na wewe ukaitwa Kufuli kwa sababu ambayo mawinga wote waliijua. Misimu minne tulikaa upande mmoja wa uwanja, wa kushoto, mimi mbele, wewe nyuma. Nilipokwenda kushambulia sikugeuka kutazama, maana nilijua upo. Ndipo siku moja ukaja kwetu kula, ukamwona dada yangu, ukaacha kula. Mama alidhani chakula hakina chumvi.

Nilimsimulia pia ile klabu kubwa iliyonichukua baadaye, viwanja vyake vyenye taa, misimu yangu tisa huko, na siku niliyotolewa kwa machela goti likiwa limekwisha. Alisikiliza vizuri. Kisha akatoa karatasi yenye historia ya timu, akaniomba niisome na kutia sahihi kuwa ni ya kweli. Nilisoma kalamu mkononi, nikirekebisha mikato, mpaka nilipofika kwenye fainali. Iliandikwa kwamba kombe tulilipoteza dakika ya mwisho kwa kosa la beki wa kushoto, aliyemwacha mtu wake akapita.

Shemeji, dakika ile unaijua kuliko mtu yeyote, lakini kuna jambo hulijui. Kanuni yetu ilikuwa moja: mpinzani wa kwanza kufika ni wako, wa pili ni wangu. Winga wao, wewe ulikuwa umekwisha kumbana. Beki wao akapanda nyuma yake, nawe ukaniita, “Wako!” Miaka yote umeamini kwamba kelele za mashabiki zilinizuia kusikia, na umenitetea hivyo mbele za watu.

Nilikusikia. Asubuhi ile nilikuwa nimedokezwa kwamba watu wa klabu kubwa wangekuwa jukwaani kunitazama. Nilitaka kuitunza miguu yangu kwa shambulio moja la mwisho la kuwapendeza. Nikasimama, mkono kiunoni, nikingoja mpira urudi kwetu. Ulirudi kweli, lakini ulitoka wavuni.

Kocha alipouliza mtu yule alikuwa wa nani, ulinitazama. Niliinama nikafungua kamba za njumu. Wewe ukaachwa msimu ulipokwisha; mimi nikachukuliwa. Baadaye dada alinijia, akaniuliza huku akikamua nguo kama ni kweli mumewe alizubaa. Nilimjibu kwamba mpira ni bahati. Jibu hilo linaniuma kuliko kombe.

Nilimweleza katibu haya yote. Akaniambia, “Mzee, hayo yamepita, na watu wanakupenda. Tuyaache.” Nilimwambia afute sentensi ile, aandike kwamba mtu yule alikuwa wangu, kwamba niliitwa nikasikia, nikasimama. Akanionya kuwa huenda viongozi wakaiondoa picha yangu. Nikamjibu kwamba ukuta hautaanguka. Sikutia sahihi mpaka alipoandika.

Jumamosi ijayo, saa kumi alasiri, historia hiyo itasomwa ukumbini mbele ya wanachama, na msomaji nitakuwa mimi. Nimewawekea viti viwili, wewe na dada. Ukiona vigumu kuja, sitakulaumu. Nitaisoma hivyo hivyo.

Ila nina ombi. Barua hii mpe dada aisome mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho. Usimfupishie, wala usimweleze kwa maneno yako, kwa sababu ninakufahamu: utanitetea tena.

Wasalimu wajukuu, na fundi mwenzako wa karakana. Mungu akupe nafuu ya mgongo, nawe umpe nafasi.

Ni mimi shemeji yako,
niliyecheza mbele yako,
Chaki