Namba Anayocheza Mama Yake Dafroza

Nyakabiga, Bujumbura
Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mwanao Hamisi ni mzima wa mwili. Ya moyo utayasoma huko mbele. Je, goti linakuruhusu kusujudu siku hizi, au bado unaswali kwenye kiti? Na hapo Ujiji dagaa wanapatikana? Huku tunawala kwa macho tu.

Mpira unakwenda. Bado navaa namba moja, ingawa huku hawasemi golikipa, wananiita gardie. Kifaransa changu ni cha kuokoteza, na neno la kwanza kuliokota lilikuwa konsantrasyo. Kocha hulipiga kelele mazoezi mazima: "Gardie, konsantrasyo!" Yaani tuliza akili, tazama mpira. Dafroza, mama anayetupikia, naye ana konsantre yake, ile nyanya nzito ya kopo anayotia kwenye maharage. Na wiki ya mechi, tunapolazwa wote nyumba moja tusitangetange, hiyo nayo ni konsantrasyo. Kwetu tungesema timu iko kambini. Hiyo ndiyo niliyokuwa naipenda, maana nyama ipo, na Dafroza hunibakizia ukoko.

Huyu Dafroza huja kila asubuhi kwa miguu kutoka Buterere, na mvua ikinyesha hufika na matope hadi magotini. Aliponiona sina ndugu hapa akanifanya mwanawe. Nilipougua malaria ndiye aliyeninywesha uji. Nakukumbusha ili ujue nimemkosea nani.

Alhamisi alichelewa. Tulikuwa tumeshika sahani tupu, njaa inauma. Nikamuuliza kulikoni. Akatua kikapu, akasema, "Mama yangu bamemupeleka mu konsantrasyo."

Mama, unaujua mdomo wangu. Kabla sijafikiri nikamwambia, "Hongera! Anacheza namba ngapi?"

Wageni wenzangu wawili wakacheka. Nami kwa kuona wamecheka nikaongeza, "Mwambie asishibe sana, atashindwa kukimbia." Wenyeji waliinamisha vichwa, na mimi nikadhani wana njaa tu. Dafroza akafungua kopo lake la nyanya, akapika. Sahani yangu akanipa kama kawaida, ukoko juu.

Tulipomaliza kula, beki wetu mmoja, mzaliwa wa hapa, akanivuta nje. "We Hamisi, uko na akili? Ile si konsantrasyo ya mupira!" Ndipo akanieleza. Watu wa milima iliyo juu ya mji wametolewa majumbani mwao, wakakusanywa mahali pamoja chini ya plastiki, askari wamewazunguka. Wanaambiwa ni kwa usalama wao, maana huko kuna vita. Redio inapaita kwa jina laini, lakini mtaani wanasema konsantrasyo. Mama yake Dafroza ni bibi kizee. Ameacha maharage yakiwa tayari kuvunwa, na hawezi kutoka asiporuhusiwa.

Nimeshafungwa mabao ya aibu, hata lile lililopita katikati ya miguu Ujiji nzima ikitazama. Lakini aibu kama hii sikuwahi kuiona. Wewe mama ulikuwa ukiniambia heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nikaona ni maneno ya wazee.

Nikamfuata jikoni, nikapiga magoti. "Simama, mutoto," akasema. "We haukujua. Siku ya Mungu, hii Jumapili, nitaenda kumuona mama, nitamuambia."

Nikamsihi asimwambie.

"Apana, nitamuambia. Kule habana mutu wa kubachekesha."

Nikampa lile blanketi la mistari ulilonifungia safari, ampelekee. Usinikasirikie, mama. Sikuwa na kingine cha kutoa.

Jumapili tulicheza. Kocha akapiga kelele zake, konsantrasyo, konsantrasyo, na kila akilitamka namuona bibi nisiyemjua chini ya plastiki. Tukafungwa mawili, yote makosa yangu.

Leo asubuhi Dafroza amerudi. Nilikuwa nachota maji nyuma ya nyumba, akanifuata hapo hapo.

"Mama anashukuru kwa blanketi. Na amecheka sana."

Nikaanza kujitetea. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Anasema ulimuuliza namba, basi anakujibu. Ye anacheza gardie. Bengine banaweza kukimbia, ye haruhusiwi kutoka mu goli."

Akaenda kuwasha moto. Mimi nikabaki na ndoo yangu, nikalia, mama, mtu mzima na ndevu zangu.

Nisalimie shangazi anayenishonea soksi, na kaka mkubwa, mwambie viatu alivyonipa bado vinadumu. Mwalimu wangu wa madrasa mwombe atuombee dua, na amtaje mama yake Dafroza, hata kama si wa dini yetu. Na wale watoto wa pale uwanjani wakikuuliza Hamisi anacheza namba ngapi siku hizi, usiwajibu.

Mimi mwanao mwenye mdomo,
Hamisi